Mwendo na Tabia katika Mchezo wa Babylon 5

Tarehe 26 Januari 1994 stesheni kadhaa za televisheni za Marekani zilianza kuonyesha mchezo wa mfululizo uitwao Babylon 5. Katika sehemu ya kwanza balozi mmoja, mpenda ulevi na kamari, mwenye nywele zilizosimama nyuma ya kichwa mfano wa mkia wa tausi, alisimulia ndoto. Watu wa taifa lake, alisema, wakati mwingine hujaliwa kuota kifo chao. Yeye alijiona ni mzee, miaka ishirini mbele, amemkaba mtu koo na mtu huyo amemkaba yeye, nao wote wawili wanakufa. Siku alipomwona kwa mara ya kwanza balozi wa taifa la adui zake alimtambua: ndiye yule wa ndotoni. Mwotaji jina lake Londo Mollari. Adui yake G'Kar.

Basi mchezo uliokusudiwa kuchukua miaka mitano ulitoboa mwisho wa watu wake wawili wakubwa kabla ya saa ya kwanza kwisha. Mtu aweza kudhani kuwa mtungaji alikosa hesabu, akaimwaga akiba yake yote siku ya kwanza ya safari. Lakini msomaji wa Julius Caesar wa Shakespeare, aliyetafsiriwa kwa Kiswahili na Julius Nyerere mwaka 1963, anajua kuwa mtabiri huonya mapema na kwamba onyo halipunguzi hamu ya kusikiliza. Anayejua kitakachotokea huacha kuuliza nini, huanza kuuliza kwa njia gani. Na swali la pili halijibiwi na kisa. Hujibiwa na tabia ya mtu, nayo tabia haionekani ila kwa muda.

Uzito wa tendo hilo hauonekani vema mpaka ikumbukwe jinsi michezo ya kisayansi ilivyokuwa ikitungwa Marekani kabla ya hapo. Star Trek, iliyoonyeshwa tangu 1966 hata 1969, ilikuwa na sehemu 79, na karibu kila moja ilisimama peke yake kama ngano isimuliwayo jioni moja. Jahazi la angani lilifika kwenye sayari, likakuta taabu, likaitatua, likang'oa nanga. Nahodha aliyefiwa na mpenzi wake juma hili hakuonekana kumkumbuka juma lililofuata. Sababu haikuwa upungufu wa akili za watungaji, ilikuwa biashara. Mchezo uliokwisha kuonyeshwa uliuzwa tena kwa stesheni za miji mbalimbali, nazo ziliuonyesha kwa mfuatano zilioutaka zenyewe, na mtazamaji aliyekosa majuma matatu alitakiwa aweze kurudi bila kupotea. Katika soko la namna hiyo mhusika abadilikaye ni hasara, maana jana angeonekana mwenye mvi na leo kijana. Uingereza walikuwa na desturi nyingine. Nigel Kneale aliigawa The Quatermass Experiment katika sehemu sita zilizoonyeshwa na BBC mwaka 1953, na Doctor Who, iliyoanza 1963, iliwaacha watoto kila Jumamosi katika hatari isiyokwisha. Walakini huko pia kilichovuka juma hata juma kilikuwa mashaka ya nani ataokoka. Haikuulizwa sana aliyeokoka amekuwa mtu wa namna gani.

J. Michael Straczynski, aliyezaliwa Marekani mwaka 1954, alikuwa ameandika michezo ya vikaragosi ya watoto na visa vya upelelezi kabla mchezo huu haujaanza kuonyeshwa. Alitaka kuandika riwaya kwa televisheni: yenye mwanzo, kati na mwisho, iliyopangwa yote kabla sehemu ya kwanza haijapigwa picha, kila mwaka mmoja ukiwa fungu moja lenye jina lake. Filamu ya utangulizi ilitoka Februari 1993, kisha mafungu matano yakafuata, kila moja sehemu 22, jumla 110. Katika hizo aliandika 92 kwa mkono wake, pamoja na sehemu zote za mwaka wa tatu na wa nne. Hiyo ni kazi ya kutisha. Televisheni ya Marekani kwa desturi huandikwa na kundi la watu waketio meza moja. Hapa mtu mmoja alibeba mzigo wa kundi, na mazuri ya mchezo huu pamoja na makosa yake hutoka katika jambo hilo moja. Sauti ni ya mtu mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Mizaha mibovu nayo ni ya mtu mmoja tangu mwanzo hata mwisho.

Kisa chenyewe kinakaa katika kituo cha angani chenye urefu wa maili tano, katika miaka ya 2258 hata 2262. Ni bandari na baraza kwa pamoja: wafanyabiashara, wakimbizi, wezi na mabalozi, robo milioni ya nafsi za binadamu na za viumbe wengine, chini ya ulinzi wa jeshi la Dunia. Vituo vinne vilivyotangulia viliangamia au kutoweka. Mataifa makubwa ni matano, na kati ya hayo mawili yana deni la damu. Dola ya Centauri ilitawala nchi ya Narn kwa ukatili, kisha ikachoka na kurudi nyuma. Watu wa Narn wakajikomboa, wakajifunza vita kwa bwana wao wa zamani, na sasa wanatafuta kisasi. Londo ni balozi wa dola iliyofifia. G'Kar ni balozi wa watumwa waliopata silaha.

Katika mwaka wa kwanza mtazamaji asiye mwangalifu angekata hukumu kwa urahisi. G'Kar ndiye mwovu: ni taifa lake linaloshambulia koloni dogo la wakulima wa Centauri, ni yeye anayetabasamu barazani na kusema uongo. Londo ndiye mcheshi, mzee wa hadithi ndefu na madeni. Fungu lote la kwanza linakwenda pole, na wengi walilalamika. Sehemu nyingi zinasimama peke yake kwa mtindo wa zamani: mgonjwa asiyetibika, mgomo wa wapakuaji mizigo, mwizi aliyejificha. Kwa hakika baadhi yake ni dhaifu, na hakuna hasara kubwa kuziacha. Lakini polepole hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Ilimzoesha mtazamaji kumpenda Londo kwa upuuzi wake na kumchoka G'Kar kwa ukali wake, ili mapenzi hayo na machovu hayo yaje yatozwe bei baadaye.

Sehemu ya kumi na tatu ndiyo kiungo. Mgeni mmoja mtanashati, Morden, anazunguka kwa mabalozi akiuliza swali moja tu: wataka nini? G'Kar anajibu kwamba anataka kisasi, Centauri isagwe iwe vumbi. Na baada ya hapo? G'Kar anasita, mradi watu wake wawe salama, hana hakika kama kuna jambo jingine. Londo kwanza anamfukuza mgeni, kisha anachoka kufukuza, naye anafungua moyo: anataka dola yake irudi kama zamani, anataka kuacha kukimbia maishani kama mtu aliyechelewa miadi, aogopaye kutazama nyuma au mbele. Morden anaondoka akiwa ameridhika na Londo. Tofauti ni nyembamba, na mtungaji haieleze. Haja ya G'Kar, pamoja na ukali wake, ina mpaka. Haja ya Londo haina. Hakuna aliyepigwa, hakuna bunduki iliyolia, mazungumzo ya dakika chache tu. Mtazamaji wa mwaka 1994 angeweza kwenda zake kulala bila kujua kuwa ametazama ufa ambao dola mbili zitaanguka ndani yake. Miezi mitano baadaye, mwishoni mwa mwaka huo wa kwanza, Londo analalamika juu ya kambi moja ya Narn kana kwamba analalamikia mvua. Morden anasema litashughulikiwa. Na kambi inafutwa pamoja na maelfu waliokuwamo. Londo anashtuka. Hakutaka hivyo. Lakini alitaka.

Wakati huo huo, nje ya hadithi, jambo lilikuwa limetokea ambalo hakuna mpango uwezao kulizuia. Mwigizaji Michael O'Hare, aliyecheza mkuu wa kituo, Jeffrey Sinclair, na ambaye juu ya mabega yake nguzo ya hadithi yote iliwekwa, hakurudi mwaka wa pili. Mahali pake alikuja Bruce Boxleitner katika umbo la kapteni John Sheridan. Kwa miaka karibu ishirini watu walikisia: wengine walisema alifukuzwa, wengine kwamba uigizaji wake mkavu haukupendwa. O'Hare alifariki Septemba 2012, na mwaka uliofuata Straczynski akaeleza yaliyokuwa. Katika kutengeneza mwaka wa kwanza mwigizaji alishikwa na maradhi ya akili, akaandamwa na hofu na mawazo yasiyo ya kweli. Mtungaji alitaka kuisimamisha kazi kwa miezi ili atibiwe. Mgonjwa alikataa, kwa sababu aliona wenzake wangepoteza riziki. Akajikaza mpaka mwisho wa mwaka, akaondoka. Straczynski alimwahidi kuitunza siri hata kaburini kwake mwenyewe. O'Hare alimjibu kuwa aitunze hata kaburini kwake yeye, O'Hare, kisha watu waambiwe, pengine mwingine mwenye taabu kama hiyo atafaidika.

Habari hii inamlazimisha mchambuzi kuutazama upya mwaka wa kwanza. Ukavu wa Sinclair, kusita kwake, macho yake ya mtu asikilizaye sauti ya mbali: watazamaji waliyasoma kama tabia ya mhusika aliyeharibiwa na vita, na yalifaa, maana Sinclair ana saa 24 zilizopotea katika kumbukumbu yake. Ni kiasi gani kilikuwa sanaa na kiasi gani maumivu, hakuna apimaye. Kilicho wazi ni gharama kwa mwendo wa hadithi. Fumbo la saa 24, lililolimbikizwa kwa mwaka mzima, lilitatuliwa katika sehemu ya kwanza ya mwaka wa pili kwa maelezo ya dakika chache, nayo aliambiwa Sheridan, mtu ambaye halikumhusu. Swali la Sinclair lilijibiwa Sinclair akiwa hayupo. Mtungaji alikuwa amemwekea kila mhusika mlango wa dharura wa kutokea, na milango hiyo ilitumika mara nyingi. Mlango huweza kuokoa kisa. Tabia iliyokuwa inakua hukatwa pale pale ilipofika. O'Hare alirudi mwaka 1996 kwa sehemu mbili zilizoungana, Sinclair akapewa mwisho mkubwa wa ajabu, kurudi nyuma miaka elfu na kuwa nabii wa taifa jingine. Ni mwisho mzuri wa kisa. Ila mtu wa 1994 na mtu wa 1996 wanaungana kwa uzi wa matukio, si kwa njia iliyoonekana akiipita.

Londo na G'Kar hawakupatwa na ajali hiyo. Peter Jurasik na Andreas Katsulas walikaa miaka mitano yote, Katsulas akiwa amefunikwa uso wote kwa ngozi ya bandia yenye mabaka, asibakiwe na chombo ila macho na sauti. Hapana budi kuwafuata hao, maana kwao ndiko mpango ulikopata kila ulichohitaji.

Sehemu iitwayo The Coming of Shadows, iliyoonyeshwa mapema 1995 na kupewa tuzo ya Hugo mwaka 1996, ina kikombe kimoja cha pombe ambacho mchezo mzima huning'inia juu yake. Mfalme mzee wa Centauri anakuja kituoni. G'Kar ameweka tayari kisu ili amwue, hata kwa kupoteza roho yake. Mfalme anaanguka kwa maradhi kabla hawajakutana, na daktari analeta ujumbe kwa G'Kar: mgonjwa alisafiri njia yote hiyo kuomba radhi kwa yote dola yake iliyowatenda watu wa Narn. G'Kar anasimama kama aliyepigwa. Halafu, mtu wa chuki asiyejua cha kufanya chuki ikiondolewa, anakwenda kumtafuta Londo, anamnunulia kinywaji, na kumpongeza kwa furaha ya kweli. Londo anakipokea. Wakati uleule marafiki wa Morden, kwa ombi la Londo, wanaliteketeza koloni la Narn. Londo anajua, G'Kar hajui, kikombe kipo katikati yao. Muda si mrefu habari inafika, na G'Kar anabubujika kilio na hasira katika njia za kituo, akitafuta kuua.

Tukio hilo lisingekuwa na nguvu hata kidogo kama lingekuja katika sehemu ya tatu. Mtazamaji ameishi na watu hawa zaidi ya mwaka. Ameuona uso wa G'Kar ukicheka kwa hila, hajauona ukicheka kwa wema; anapouona anajua thamani yake, na anaona unavyofutwa. Ndiyo faida ya mwendo wa pole: kitu kidogo kinaweza kuwa kikubwa.

Kuanzia hapo mizani inapinduka kwa hatua ambazo karibu zahesabika. Mwaka huo huo Londo anasimama dirishani mwa merikebu ya vita, akitazama nchi ya Narn ikipigwa kwa mawe makubwa kutoka angani. Hasemi neno, na kioo kinamrudishia uso wake juu ya moto. G'Kar anavuliwa ubalozi, anaomba hifadhi. Sheria ya washindi ni kwamba kila Mcentauri atakayeuawa na Mnarn atalipiwa kwa roho mia tano. Baadaye kidogo wawili hao wananaswa pamoja katika lifti yenye moshi. Londo anasihi washirikiane ili watoke. G'Kar anakaa chini na kucheka, kwa kuwa hawezi kumwua bila kuwaponza watu wake mia tano, ila hakuna sheria imkatazayo kumtazama akifa. Ni kichekesho, na ni cheusi kama lami. Kisha mwanzoni mwa 1996 G'Kar anatumia dawa inayompa uwezo wa kuingia akilini mwa mtu, anamvamia Londo na kuyapekua mawazo yake yote, na humo, katikati ya kisasi alichokitamani tangu mwanzo, anakutana na maono yanayomfundisha kuwa kisasi hakitawaokoa watu wake. Anafungwa. Anatoka mtu mwingine. Kitabu anachoandika kitageuzwa msahafu na watu wake bila idhini yake, na nakala zake zitabeba hata alama ya kikombe cha kahawa ambacho mkuu wa polisi wa kituo alikiweka juu ya ukurasa. Mtungaji alipenda kuwatania manabii.

Huku nyuma vita kubwa ya mataifa ya kale ilikuwa ikikaribia, na hapo ndipo mwendo wa mchezo ulipopatwa na balaa la pili, la wafanyabiashara. Muungano wa stesheni uliouonyesha mchezo, ulioundwa na Warner Bros. pamoja na Chris-Craft, ulikuwa ukivunjika. Mwaka wa nne ulipokuwa ukiandikwa hapakuwa na ahadi ya mwaka wa tano. Straczynski akaamua kumaliza. Vita iliyotayarishwa kwa miaka mitatu ilikwisha katika sehemu ya sita ya mwaka wa nne, na ilikwisha kwa hoja: binadamu na wenzao waliwaambia wakubwa wawili wa kale kwamba hawawahitaji tena, nao wakaondoka. Wazo ni zuri, tena la kijasiri katika aina ya michezo inayopenda kumaliza kila neno kwa mlipuko. Walakini lilikuja kabla halijaiva. Mtazamaji alikuwa amejiandaa kwa mwaka wa giza akapewa majuma.

Imekuwa desturi kusema kwamba miaka miwili ilisukumwa ndani ya mmoja. Hilo limetiwa chumvi. Kwa maelezo ya Straczynski mwenyewe, kama angalikuwa na hakika ya mwaka wa tano, mwaka wa nne ungaliishia katika sehemu ambayo Sheridan, aliyeasi serikali ya kidikteta ya Dunia, anateswa na mhoji mpole katika chumba kimoja. Sehemu hiyo ni ya kumi na nane. Kwa hiyo kilichobebwa kutoka mwaka wa tano kilikuwa sehemu chache tu: kuokolewa kwa Sheridan, kuanguka kwa dikteta, na amani. Hasara kubwa haikuwa ya mwaka wa nne uliosongamana. Ilikuwa ya mwaka wa tano, uliopatikana ghafula TNT ilipouchukua mchezo, ukakuta chakula kimekwisha liwa. Nusu yake ya kwanza inajazwa na kundi la wasoma mawazo na kiongozi wao Byron, watu ambao mtazamaji hajawazoea na ambao wanaomba huruma kwa haraka kuliko walivyoichuma. Haraka ya mwaka mmoja ilizaa uvivu wa mwaka mwingine.

Garibaldi, mkuu wa polisi aliyetajwa, ni mfano wa madhara hayo. Anatiwa akili ya kigeni bila kujua, anamkabidhi Sheridan mikononi mwa adui, na usaliti wake unajengwa kwa ustadi kwa majuma mengi. Kusamehewa kwake hakujengwi. Msoma mawazo anamchungulia akilini, anasema kuwa hana kosa, na anarudishwa kundini. Usaliti ulipewa muda. Msamaha ulipewa cheti.

Sasa na atazamwe Londo katika miezi hiyo hiyo ya haraka. Yuko nyumbani, chini ya mfalme kijana mwendawazimu aitwaye Cartagia, aliyemkamata G'Kar na kumfanya mchezo wa karamu. Londo anashuka gerezani kufanya mapatano na adui yake: nisaidie nimwue mfalme wangu, nami nitalikomboa taifa lako. G'Kar anachapwa viboko vya umeme, anang'olewa jicho. Londo anatazama, na safari hii hakuna kioo kati yake na anayetazamwa. Cartagia anakufa, kwa mkono wa Vir, karani mpole wa Londo, ambaye baadaye anajilevya na kulia kama mtoto. Narn inaachwa huru. Yote hayo yamo katika sehemu sita zile zile zilizomaliza vita kubwa, kwa mwendo ule ule wa kukimbia. Na hakuna mtu aliyelalamika kuwa yalikwenda mbio. Ndipo inapodhihirika kuwa kasi yenyewe si kosa. Tabia iliyolimbikizwa kwa miaka mitatu inaweza kukimbia bila kudondosha kitu, kama mchukuzi aliyezoea mzigo wake. Garibaldi na Byron walitakiwa kukimbia na mizigo waliyotwikwa jana.

Kisha mwaka 1997, vita imekwisha, Londo anakwenda kwa G'Kar kuomba watie sahihi tamko moja la kumwunga mkono Sheridan. Anakumbusha kwamba G'Kar aliwahi kumnunulia kinywaji, na anaweka kikombe mbele yake. G'Kar hanyweshwi kwa urahisi. Ananyamaza, na Londo anaondoka. Hatimaye anakubali kutia sahihi, kwa sharti moja: isiwe katika ukurasa ule ule. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita tangu kikombe cha kwanza, na mtungaji hakumkumbusha mtazamaji kwa picha za zamani. Aliamini kuwa anakumbuka.

Katika mwaka wa tano, ule dhaifu, sehemu bora ni zao. Londo anapatwa na ugonjwa wa moyo, na katika ndoto ya kuzimia anatakiwa aseme neno moja alilolikimbia maisha yake yote. Anapoamka anamwomba G'Kar radhi. G'Kar, aliyekwisha kuwa mlinzi wake, anamwambia siku ya kuachana kwao kwamba watu wa Narn hawatawasamehe watu wa Centauri, lakini yeye anaweza kumsamehe Londo. Siku hiyo Londo anavishwa ufalme, na ili kuiokoa nchi yake isilipuliwe kwa mabomu yaliyofichwa, anakubali kupandikizwa begani kiumbe kitakachomtawala mpaka kufa.

Kifo chenyewe watazamaji walikuwa wamekwisha kukiona, mapema, Mei 1996, katika sehemu zile zile mbili zilizomrudisha Sinclair. Mfalme mzee amelewa makusudi, kwa kuwa pombe humlaza kiumbe cha begani. Amewafungulia wafungwa wake wakimbie, na anamwomba rafiki yake wa zamani amwue kabla kiumbe hakijaamka. G'Kar, mwenye jicho moja, hali wakati ule hakuna mtazamaji aliyejua jicho la pili limepotelea wapi, anamshika koo. Kiumbe kinaamka na kuinyanyua mikono ya Londo ijitetee. Wanakufa wawili pamoja, kama ndoto ilivyosema, wamekabana. Kila neno la ndoto lilikuwa kweli, na maana yake yote ilikuwa kinyume: kilichodhaniwa ni kilele cha chuki kilikuwa huduma ya mwisho baina ya wawili waliobaki peke yao. Watazamaji wa 1996 waliona tendo bila kuijua njia. Iliwachukua miaka miwili zaidi kuipita, na waliofika mwisho walilazimika kurudi nyuma kwa mawazo na kukiona kifo hicho upya.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 25 Novemba 1998, ingawa ilikuwa imepigwa picha mapema, mwishoni mwa kazi ya mwaka wa nne, ilipodhaniwa kuwa hakuna zaidi. Mwaka wa tano ulipopatikana iliwekwa kando na nyingine ikatungwa kujaza nafasi yake. Kwa hiyo yumo Claudia Christian, mwigizaji aliyekwisha kuacha mchezo mwaka mzima kabla. Miaka ishirini imepita katika kisa. Sheridan anakaribia kufa, amewaita wenzake waliosalia kwenye chakula cha jioni. Vir, sasa mfalme wa Centauri, anasimulia siku alipomwona Londo akitokwa na machozi kwa kusikia wimbo wa taifa moja lililodharauliwa na wote. Halafu wanainua vikombe kwa wasiokuwapo, kila mmoja akitaja jina, na majina ya Londo na G'Kar yanatajwa katika mzunguko mmoja wa kikombe. Baadaye kituo kinafungwa, na fundi mmoja anapita kuzima taa. Fundi huyo ni Straczynski mwenyewe.